Wazee wa 1921–22 waliitisha nchi ijitawale ama walitaka tu kodi ipunguzwe?

mama_wa_umoja2
Habari zenu wadau, niko na swali la historia na naomba wenye wanajua wanisaidie. Binti yangu yuko Gredi 9 na mwalimu amegawa darasa mara mbili wafanye mdahalo. Upande mmoja useme Harry Thuku na watu wa wakati wake walikuwa wanadai kujitawala, upande mwingine useme hapana, walikuwa wanalalamikia kodi na kipande na mshahara basi, mambo ya uhuru yalikuja baadaye. Yeye amewekwa upande wa kwanza. Tumetafuta naye na kila mahali tunakuta kodi, kipande, kodi, kipande, sasa ameanza kuogopa ati hana cha kusema. Mimi mwenyewe kile nilisoma shule ni Thuku akashikwa, watu wakapigwa risasi pale karibu na hoteli ya Norfolk, halafu kitabu kinaruka kinaingia Mau Mau kama katikati hapo watu walikuwa wamelala. Kuna mtu aliitisha serikali ya wenyewe mapema hivyo? Alikuwa nani na alisemea wapi? Sitaki hadithi ya kupamba, nataka kitu mtoto anaweza kusimama nacho mbele ya wenzake.

karani_mstaafu
Mama, mwambie mtoto asiogope, huo upande una nguvu kuliko anavyofikiria. Shida ni mahali mnatafutia. Mnatafuta mtu amesimama 1921 anasema tunataka uhuru, na huyo hamtampata Nairobi. Angalieni walichofanya na walimwandikia nani.

Kwanza mpe hali ya wakati huo vizuri. Vita vya kwanza vimeisha, maelfu ya watu wetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hawakurudi makwao, na wakati huohuo wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani wanaletwa huku kugawiwa mashamba. 1920 nchi inaacha kuwa himaya inafanywa koloni. Mwaka unaofuata Jaji Barth anaamua kortini kwamba Mwafrika kwa shamba la babu yake ni mpangaji tu wa serikali ya mfalme, anaweza kutolewa wakati wowote. Kodi ya nyumba imepanda mpaka shilingi 16. Halafu bei ya mazao ikaanguka huko nje na masetla wakakubaliana kukata mshahara wa wafanyakazi kwa thuluthi moja, yaani hasara yao wailipe watu wa kuchuma kahawa. Juu ya hayo yote kuna kipande, karatasi yenye alama za vidole unaivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, mwajiri asipoandika kwamba amekuachilia huwezi kupata kazi kwingine, ukitoroka ni kesi ya jinai.

Thuku alikuwa kijana wa miaka 26 hivi, opareta wa simu pale Hazina hapa mjini. Machifu wa Kiambu walikuwa na chama chao, Kikuyu Association, na Juni 1921 walikutana na maofisa wa serikali Dagoretti, wamisionari wakiwa hapo, wakatoa malalamiko yao kwa adabu kama kawaida. Vijana wa mjini hawakuridhika. Julai wakafanya mkutano wao wenyewe Nairobi, wakapitisha maazimio yao, na telegramu ikaenda moja kwa moja London. Hapo ndipo mtoto asimame. Hawakumwomba chifu awasemee, hawakumwomba DC (mkuu wa wilaya), na gavana wakamruka. Wakasema pia kwamba baada ya wamisionari marafiki wao wakubwa ni Wahindi, na hio iliwachoma machifu, wamisionari na masetla kwa pamoja.

Tena aangalie jina la chama. Kilianza kama Young Kikuyu Association na haraka sana kikawa East African Association, kwa sababu Nairobi ilikuwa na Wajaluo, Wakamba, Waganda na watu wa Pwani, na wote walikuwa wanavaa kipande kilekile. Mtu wa kulalamikia kodi ya kwao Kiambu hahitaji jina kubwa hivyo.

Mwanzo wa 1922 Thuku alikuwa anazunguka Kiambu na Murang'a akiwaambia watu vipande vikusanywe vikamwagwe kwa mlango wa gavana. Machi 14 akakamatwa. Tarehe 16 watu wakapigwa risasi. Yeye hakupelekwa kortini hata siku moja, alihamishwa kwa amri tu mpaka Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Kenya kabla Waingereza hawajawapa Waitaliano 1925, halafu akazungushwa sehemu zingine mpaka mwisho wa 1930 ndio akaachiliwa. Sasa mtoto aulize hao wenzake, serikali inamfungia mtu karibu miaka 9 bila kesi kwa sababu ya shilingi 16? Waliona wazi huyu anagusa nani mwenye amri hapa.

msomaji_wa_southb
Mzee karani nakuheshimu sana na hayo ya tarehe ni sawa, lakini nitapinga kidogo, na nia yangu ni huyo mtoto asishikwe hapo mbele. Ukweli ni kwamba 1922 na 1923 watu waliokuwa wanapiga kelele za serikali ya kujitawala Kenya walikuwa MASETLA. Delamere na wenzake. Walitaka London iwaachie nchi waiendeshe wenyewe, vile wenzao wa Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) walikuwa wanapewa. Na hawakuwa wanacheza, waliposikia Wahindi watapewa viti na haki ya kupiga kura pamoja nao walipanga mpaka kumteka nyara gavana, Coryndon, wamfiche mahali mpaka London ikubali.

Kwa hivyo Mwafrika wa 1922 akisikia Kenya inataka kujitawala alikuwa anasikia Delamere atakuwa mfalme wake, na ndio maana alikimbilia London, si kwa sababu alitaka kujitawala, ni kwa sababu London ilikuwa afadhali kuliko setla. Ile telegramu mzee anaitegemea inaweza kugeuzwa ikamrudi mtoto. Wapinzani wake watasema tu, huyu aliandikia mkoloni mkubwa kumshtaki mkoloni mdogo, kujitawala kuko wapi hapo?

Na jibu la London lilikuja Julai 1923, ile Waraka wa Devonshire. Masetla wakanyimwa serikali yao. Ikasemwa Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi ya Mwafrika ndio yatatangulia. Maneno mazuri sana, lakini ukiangalia viti vya Baraza la Kutunga Sheria, Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1, na Mwafrika akawekewa mmisionari mmoja wa kumsemea. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Mwafrika wa kwanza kuketi mle ndani kama mjumbe ni Eliud Mathu, 1944. Miaka 21 baada ya kuambiwa nchi ni yako!! Hio hesabu mimi hunikasirisha kila nikiifikiria.

mwanagem
Msomaji umeongea ukweli kuhusu masetla lakini nyote wawili mmekwama Nairobi na Kiambu, kama kawaida ya vitabu vyetu. Mama aliuliza nani aliitisha serikali ya wenyewe na wapi. Jibu liko. Ni Lundha, Gem, kwetu Siaya, Desemba 23, 1921. Hio ni karibu miezi mitatu kabla ya risasi za Nairobi.

Maelfu ya watu walikusanyika hapo. Walioita walikuwa walimu na wanafunzi wa zamani wa shule ya misheni ya Maseno, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti, pamoja na Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Chama ni Young Kavirondo Association (Kavirondo ni jina la zamani la Nyanza) lakini watu kijijini waliita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Sikilizeni walichoandika. Kodi ipunguzwe, ndio. Kipande kifutwe, ndio. Kambi za kazi ya lazima zifungwe, hati za mashamba zitolewe, shule za serikali zijengwe. Lakini pia walisema hawakubali kuwa koloni, warudishwe himaya kama zamani, na Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria na mkuu wake wa kuchaguliwa na watu wenyewe. Sasa kama hio si kujitawala nielezeni ni nini. Baraza lako, sheria zako, mkuu umemchagua wewe. 1921!

Na walijua wanachofanya. Koloni ilimaanisha ardhi yote ni ya mfalme wa Uingereza, himaya ilimaanisha analinda tu. Walimu wa shule ya misheni walikuwa wamesoma hilo tangazo la koloni wakaelewa kuliko machifu waliolipigia makofi.

Serikali ilishtuka kuliko vile shule hutufundisha. Gavana Northey mwenyewe alikuja Nyanza 1922 kuongea nao. Kodi ikashuka ikawa shilingi 12, kambi za kazi zikafungwa. Ya baraza na ya himaya akakataa kabisa. Halafu ikaja mbinu nyingine, mmisionari Owen akakichukua chama mkononi, 1923 kikawa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, na wanachama wakawa wanaahidi kuua panya, kuchimba vyoo na kupanda miti. Vyoo ni vizuri, sikatai, na Owen mwenyewe aliipigia serikali kelele sana kuhusu kazi ya lazima, lakini mtu aliyekuwa anadai bunge ukimpa mtego wa panya umemnyamazisha. Babu zetu walisikitika hio kitu miaka mingi.

nyina_wa_ngara
Mmeandika yote hayo na hakuna mtu ametaja mwanamke. Mary Muthoni Nyanjiru, wa Weithaga, Murang'a. Huyo binti wa Umoja lazima aende na hilo jina.

Machi 16 watu wamejaa nje ya kituo cha polisi, pale Central mnapapita kila siku mkienda University, wengine wamelala hapo usiku kucha. Wajumbe wanaume wakaingia kuongea na wakubwa wa serikali, wakatoka wakaambia umati urudi nyumbani, Thuku yuko salama, serikali itaangalia. Watu wakaanza kuinuka waende. Wanawake ndio walikataa. Waliona wanaume wameogopa ama wamenunuliwa. Nyanjiru akasimama mbele, akainua nguo yake mpaka mabegani, akawaambia wanaume wachukue hilo rinda lake wampe yeye suruali zao, kiongozi wetu yuko ndani mnangoja nini. Kwa Wagĩkũyũ mama mtu mzima kukuonyesha uchi wake kwa hasira ni laana, hakuna mwanaume anabaki mahali amesimama. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasukuma mbele, polisi wakafyatua. Nyanjiru ni kati ya wale wa kwanza kuanguka. Na masetla waliokuwa Norfolk wanatajwa na walioshuhudia kwamba nao walipiga risasi kutoka barazani.

Serikali ikahesabu maiti 21. Watu waliokuwepo walisema zaidi ya 50, wengine zaidi ya 100.

Na msiseme alikuwa anapigania Thuku kama mtu tu. Wasichana na wanawake walikuwa wanakusanywa na machifu kupelekwa mashamba ya kahawa kwa lazima, wengine wakiharibiwa hukohuko, na Thuku ndiye alisimama akasema hadharani hio ikome. Nyanjiru alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kufika pale. Barabara ina jina la Thuku, sawa, alifungwa. Nyanjiru alikufa.

bintigiriama
Asanteni kwa elimu, ila na mimi nina neno. Mbona hesabu zenu zaanza 1921? Mekatilili wa Menza alianza 1913 kwetu Giriama. Waingereza walitaka kodi, walitaka vijana wakafanye kazi mashambani na baadaye wawe wabeba mizigo ya vita, na walitaka watu wahame kando ya kaskazini ya mto Sabaki wawaachie ardhi. Yule mama alizunguka vijiji akawaita watu Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, wanaume wakala kiapo chao na wanawake chao, kwamba hakuna atakayempa Mzungu kodi wala mtoto wake.

Halafu jambo ambalo lafaa huyo mtoto alijue: hakusema tu hatutaki kodi. Alisema tuirudishe kaya, wazee wa kaya wakae tena pale penye baraza lao watoe hukumu, wale vibaraka waliowekwa na Mzungu kuwa wazee wasitambulike. Kwangu mimi hio ni serikali, yaitwe jina lolote. Walimkamata mwaka huohuo pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka Kisii, wakatoroka wakarudi kwao kwa miguu. Mwangalie ramani, Kisii mpaka Giriama, na yule mama hakuwa kijana. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtu halipui kwa baruti mahali pa kulalamikia kodi.

msomaji_wa_southb
@bintigiriama hio ya kaya nimeikubali. @mwanagem ya Lundha nilikuwa najua ya kodi na himaya, hio ya baraza na mkuu wa kuchaguliwa ndio imenifanya nifikirie tena. Lakini bado nasimama hapa: Giriama walidai Giriama ijitawale, Nyanza ilidai Nyanza ijitawale. Hakuna aliyesema KENYA ijitawale chini ya Waafrika. Upande wa pili wakiwa wajanja watamuuliza huyo mtoto hivyohivyo. Hata KCA (Kikuyu Central Association) ya miaka ya baadaye ilidai nini? Thuku arudishwe, turuhusiwe kupanda kahawa, sheria ziandikwe kwa lugha yetu, tuwe na chifu mkuu wa kuchaguliwa. Kenyatta alipopelekwa London 1929 alipeleka ardhi, shule, kodi ya nyumba za wanawake, na viti ndani ya Baraza. Viti! Hakusema mtoke. Wakamba 1938 walipotembea kutoka Machakos mpaka hapa Nairobi na Muindi Mbingu wakapiga kambi mjini, ilikuwa ng'ombe zao walizonyang'anywa ati ni nyingi zinaharibu udongo, na kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa kinazingoja. Walishinda hio ya ng'ombe na nawapa heshima yote, lakini ni ng'ombe.

mama_wa_umoja2
Jamani asanteni, nimesoma yote na yeye amesoma, amenyamaza sasa anaandika. Anauliza maswali mawili niwaletee. La kwanza, kama hao wa Nyanza na wa Nairobi walikuwa wakati mmoja walikuwa wanajuana? La pili ni kwa huyo wa South B, basi ni lini mtu alisimama akasema Kenya nzima iwe huru, na ni nani?

karani_mstaafu
La kwanza mimi nitajibu. Walikuwa na mawasiliano, vijana wa misheni na makarani wa serikali walikuwa wanahamishwa Nairobi, Kisumu, Mombasa, na barua zilitembea na reli. Chama cha Thuku kilikuwa na Wajaluo ndani. Na Thuku aliwategemea Wahindi wa hapa mjini, hasa Manilal Desai, ambaye ofisi yake na mashine ya gazeti lake la East African Chronicle zilisaidia kuchapisha karatasi za chama. Serikali iliogopa sana huo muungano wa mtu wa Kiambu, mtu wa Nyanza na Mhindi wa Bazaar, na ndio maana baada ya 1922 ilikubali vyama vya kabila moja moja ikakataa vya watu wote. Kwa hivyo msomaji unaposema Giriama ilidai Giriama na Nyanza Nyanza, ujue waliojaribu kuita kila mtu walipigwa risasi mlangoni pa kituo. Kuwalaumu kwamba hawakusema Kenya nzima si haki.

msomaji_wa_southb
Hapo mzee umenipata sawasawa, hio sikuwa nimeiangalia hivyo.

La pili: Aprili 23, 1950, Kaloleni Social Hall, hapahapa Eastlands, mkutano wa KAU (Kenya African Union) pamoja na chama cha Wahindi. Aliyesimama akaleta azimio kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili na upewe sasa ni Makhan Singh, Singasinga wa vyama vya wafanyakazi, aliyekuwa anafanya kazi na Fred Kubai. Likapita. Mwezi uliofuata wakamkamata, na hakutoka mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Mama mkiwa Umoja Kaloleni si mbali, mpelekeni aione hio hall.

kijana_wa_githurai
Nimekuwa nasoma tu kimya. Swali: si Thuku baadaye alikuwa upande wa serikali? Nilisikia alipinga Mau Mau. Huyo mtoto akiulizwa hio atasema nini?

karani_mstaafu
Ni kweli. Alitoka kizuizini mtu wa polepole, akagombana na wenzake wa KCA, 1935 akaanzisha Kikuyu Provincial Association iliyoahidi utiifu kwa serikali, akalima kahawa yake Kiambu. 1944 walipoanzisha chama cha kumsaidia Mathu walimpa uenyekiti kwa muda mfupi, na wakati wa Mau Mau alisema wazi hakubaliani nao. Alifariki 1970. Aseme ukweli huo bila kuficha, na aongeze kwamba mdahalo ni wa 1921 na 1922, na Thuku wa mwaka huo ni yule aliyewaambia watu wapeleke vipande kwa mlango wa gavana.

nyina_wa_ngara
Na wakimbana sana na Thuku awaambie umati haukuwa wa Thuku peke yake. Aanze na Lundha, aende Kaya Fungo, amalizie na Nyanjiru. Mama utuambie mdahalo ni siku gani.

mama_wa_umoja2
Ni Alhamisi. Amesema anaanza na baraza la Nyanza kwa sababu hao wengine hawataitarajia, na amekataa katakata kusoma kwa karatasi. Jumamosi tunaenda Kaloleni.